Upepo Hauna Mwenyewe, Ardhi Inaye

Ukitoka Nyamache ukashika njia ya Bomet na Narok kwenda Nairobi, utapita Suswa. Hapo kuna nguzo ndefu za chuma zenye nyaya zinazotoka kaskazini. Usizipite hivi hivi. Stima ya nyaya hizo imesafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani, Marsabit, na imezalishwa kwa upepo mtupu. Na ukienda vilima vya Ngong, mitambo yenyewe utaiona imesimama kileleni, mabawa yanazunguka.

Wengi wetu hudhani haya ni mambo mapya ya Wazungu. La hasha! Katika karne ya 10, msafiri al-Masudi wa Baghdad aliandika habari za Sistan, mpakani mwa Iran na Afghanistan ya leo, kwamba watu wa huko wanatumia upepo kuzungusha vinu. Na huyu al-Masudi si mgeni kwetu. Mnamo mwaka 916 alikuwa pwani yetu, kisiwa cha Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba. Alikuja kwa jahazi, yaani kwa upepo huo huo. Ulaya ilijenga vinu vyake karne ya 12, na mwaka 1887 James Blyth wa Scotland akautumia upepo kuzalisha umeme.

Kenya tulianza mwaka 1993, mitambo miwili pale Ngong, msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen ikaongeza mingine ya megawati 5.1. Kisha ukaja mradi wa Ziwa Turkana: mitambo 365, megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuifikisha stima Suswa ilikamilika 2018. Serikali ikalipa mabilioni ya shilingi kwa ajili ya kuchelewa huko.

Sasa, hebu tulia hapa kidogo. Upepo ni wa bure, lakini mtambo husimama juu ya ardhi, na ardhi ina watu. Wafugaji wa Marsabit walienda kortini mwaka 2014, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ekari 150,000 hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kule Kinangop, wananchi waliupinga mradi wa megawati 60. Mwaka 2015 mtu akapoteza maisha katika maandamano, na 2016 mradi ukafutwa. Lakini Kipeto, Kajiado, wenye mashamba walikodisha ardhi yao na jamii ikawekewa hisa. Mitambo 60 ilianza kazi rasmi mwaka 2021.

Upepo ni ule ule. Tofauti ni nani aliulizwa kwanza.

Sisi wa Nyamache twaijua thamani ya kipande cha ardhi. Shamba la babu limegawanywa mpaka mpaka wa jirani unapimwa kwa hatua, na ndugu wameacha kusalimiana kwa sababu ya mstari mmoja wa majani chai. Kwa hivyo kijana, siku mradi wowote ukija kwenu, uwe wa barabara au wa stima, usikimbilie kutia sahihi wala kurusha mawe. Kaa na wazee, akina mama nao wawepo, muulize: hati itaandikwa jina la nani? Ni ya miaka mingapi? Faida itarudi kwa nani? Majibu yaandikwe, na kila nyumba ibaki na nakala yake.