Mto Lukuga na Idadi ya Majibu katika Programu za Mantiki

Kalemie, bandari ya Kongo katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ipo karibu na mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Mito mingi, ukiwamo Ruzizi na Malagarasi, huingia katika ziwa hilo; unaotoka ni mmoja tu. Katika karne ya 19 hata huo mmoja ulizua ubishi. Verney Lovett Cameron aliufikia Mei 1874, akaamini kuwa ndio njia ya maji kutokea. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo. Mwishoni mwa 1879 Joseph Thomson aliyaona maji yakitoka kwa kasi.

Ubishi huo unalimulika suala lililowashughulisha wataalamu wa programu za mantiki tangu Alain Colmerauer na Philippe Roussel walipoiunda Prolog huko Marseille mwaka 1972, katika juhudi za kuiwezesha kompyuta kuchanganua Kifaransa. Programu ya aina hii ni mkusanyiko wa kauli na kanuni. Mtumiaji huuliza, nayo kompyuta hutafuta majibu. Swali “ni mto gani unaoingia Tanganyika?” lina majibu mengi. Hivyo kompyuta hutunza kumbukumbu ya kila njia panda, ili irudi kutafuta jibu jingine. Likigeuzwa kuwa “Ruzizi huingia ziwa gani?”, jibu ni moja, na kumbukumbu hiyo huwa mzigo wa bure.

Uchanganuzi tuli huikagua programu kabla haijaendeshwa, ili kubainisha kila swali litakuwa na majibu mangapi. Lugha ya Mercury, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Melbourne mwaka 1995, iliuweka uchanganuzi huo katika msingi wake. Mwandishi hutamka kama jibu ni moja kwa hakika, moja au hakuna, moja au zaidi, ama idadi yoyote; tamko linalodai uhakika usiothibitika hukataliwa.

Aliyeuona Lukuga mwaka 1879 pekee angetamka “moja kwa hakika”. Ushahidi wa 1876 unadai “moja au hakuna”. Kwa kuwa hakuna mbinu iwezayo kuamua suala hili kwa kila programu, mchanganuzi mwaminifu huchagua tamko pana pale anapokosa ithibati. Wanaochanganua Kiswahili kwa kompyuta wanaihitaji tahadhari hiyo: neno “paa” lina maana kadhaa, na programu inayoridhika na jibu la kwanza huyapoteza mengine bila kumwarifu yeyote.