Kuokota Mawe Kajiado: Mambo ya Kujua Kabla Ugeuze Keja Yako Makavazi

Kama unaishi Kitengela, mawe si kitu ngeni kwako. Yanapita kwa malori kila siku, yamejaa kwa ploti, na mvua ikinyesha yanatokea katikati ya barabara. Lakini kuna wasee huyaangalia kwa jicho lingine. Wanayaokota, wanayaosha, wanayapanga kwa shelfu na kuyapa majina. Ni hobi poa, haitaki doo mingi, na Kajiado imebarikiwa mawe ya kila aina.

Shida ni kwamba mawe si sawa. Kuna lile unaweza kubeba bila stress, kuna lile ukilibeba unajipata kortini, na kuna lile unauziwa kwa bei ya ndai kumbe ni takataka ya kiwanda. Soma hii kwanza kabla utoke na nyundo.

1. Jua ardhi unayokanyaga

Kitengela na Isinya unakanyaga mawe ya volkeno. Ukipata jiwe la kijivu lenye vipande vyeupe vikubwa ndani, kama nazi kwa keki, kuna uwezekano ni fonoliti ya Kapiti, iliyomwagika kama uji moto mamilioni ya miaka iliyopita.

Ukishuka Kajiado mjini, Bissil hadi Namanga, mambo yanabadilika. Huko ni miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Hapo ndipo utaona kwatzi nyeupe, marumaru, na ulanga, ile kitu inametameta kama glita. Chokaa ya Kajiado ndiyo imelisha viwanda vya simiti vya Athi River kwa miaka mingi.

Ukivuka Namanga uingie Longido, Tanzania, kuna jiwe la kijani lenye rubi nyekundu ndani. Jina lake, anyoliti, limetoka kwa neno la Kimaasai la rangi ya kijani.

Upande wa magharibi uko Magadi. Ndiyo, ile magadi ya kulainisha githeri. Imechimbwa kibiashara tangu 1911, na mwaka 1967 wanasayansi walitangaza madini mapya kutoka huko wakayaita magadiaiti. Ziwa letu liko kwa vitabu vya jiolojia dunia nzima!

Hujui umeokota nini? Jaribu kwa chupa. Kwatzi hukwaruza kioo, marumaru haikwaruzi. Kisha kwangua marumaru kidogo upate unga, uweke tone la siki au limau. Ikitoa povu, ni ukoo wa chokaa.

2. Visukuku: angalia, piga picha, usibebe

Hapa ndipo wasee wengi huteleza. Visukuku, au fosili vile wengi husema, si vya aliyeokota. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inasema vitu vya kale kama hivyo ni mali ya serikali. Ukivumbua, unafaa kuripoti kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali pia ni kosa.

Mbona wawe wakali hivyo? Enda Olorgesailie ujionee, kwa barabara ya Magadi ukishapita Kiserian. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940. Mashoka ya mawe ni mengi ajabu, na mengine yameachwa pale pale yalipopatikana. Unayaangalia ukiwa juu ya daraja la mbao.

Sasa cheki hii. Mwaka 2018, timu ya Smithsonian ya Marekani na Makavazi yetu ilitangaza kuwa watu wa Olorgesailie, karibu miaka 300,000 iliyopita, walikuwa wakitumia obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno. Na haikutoka karibu. Ilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Maana yake, walikuwa wakitembea mbali au wakibadilishana vitu na majirani.

Hiyo story yote imetoka kwa swali moja: jiwe lilipatikana wapi? Kama mtu angeokota ile obsidiani akaipeleka keja, ingebaki kioo cheusi tu. Na kuna kubwa zaidi. Licha ya mashoka yote hayo, miaka ilipita hadi 2003 ndipo vipande vya fuvu la binadamu wa kale, wa karibu miaka 900,000, vikapatikana. Ni vipande vidogo. Mtu angeviona akadhani ni mfupa wa mbuzi, avipige teke, na hivyo ndivyo historia hupotea.

Kwa hivyo ukiona mfupa uliogeuka jiwe, acha hapo. Piga picha na shilingi kando yake ili saizi ionekane, weka alama ya mahali kwa simu, kisha uwaambie watu wa Makavazi.

3. Vimondo: hapa ndipo wakora hula watu

Vimondo huanguka Afrika Mashariki kweli. Julai 16, 2011 vilianguka maeneo ya Thika. Agosti 1992 vilinyeshea Mbale, Uganda, na kimoja kidogo kikamgonga kijana bila kumuumiza sana. Kule Mbozi, Tanzania, kuna kimondo cha chuma cha karibu tani 16.

Lakini si kila kitu cha angani ni kimondo. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti jirani ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Ukipata kitu kama hicho usikiguse, ita polisi.

Na si kila jiwe jeusi zito limetoka angani. Athi River kuna viwanda vya kuyeyusha chuma, na uchafu unaobaki huonekana "kimondo" kabisa. Kabla utoe pesa, uliza haya:

- Kina mashimo ya mapovu? Basi karibu kila mara ni uchafu wa chuma au lava.
- Sumaku inashika? Vimondo vingi hushika, lakini hata uchafu wa kiwanda hushika. Hii peke yake si ushahidi.
- Ngozi ya nje ikoje? Kimondo kipya huwa na ganda jembamba jeusi, kama limeungua.
- Kikisuguliwa nyuma ya tile, kinaacha rangi? Mstari mwekundu au mweusi mzito ni dalili ya madini ya chuma ya hapa hapa duniani.

Muuzaji akikataa wataalamu wa Chuo Kikuu wakipime, jibu unalo.

4. Shamba lina mwenyewe

Ile nyika inaonekana tupu, lakini kila sehemu ina mwenyewe au jamii. Tafuta mzee wa boma, msalimie, mweleze unataka nini, ukubali akisema hapana. Ndani ya mbuga usiokote hata kokoto. Na madini chini ya ardhi, kwa Sheria ya Madini ya 2016, yako chini ya serikali. Kuchimba au kuuza kunataka kibali. Kokoto ya shelfu ni hobi, gunia la kuuza ni biashara.

Machimbo yaliyoachwa pia ni noma. Kuta huporomoka, hasa baada ya mvua. Usiende solo, na vaa miwani ukipiga nyundo.

5. Jiwe bila karatasi ni kokoto

Kila jiwe lipe namba. Kwa daftari andika tarehe, mahali kamili, aliyekuruhusu, na lilikuwa limelala wapi: mtoni, kwa mwamba, au lililetwa na lori. Hiyo ya lori ni muhimu Kitengela, kwa sababu ballast ya ploti yako inaweza kuwa imetoka kaunti nyingine kabisa.

Anza na matano tu: fonoliti, kwatzi, marumaru, ulanga na kipande cha magadi kutoka sokoni. Ukiweza kumweleza mtoi wa jirani kila moja lilitoka wapi na lilifikaje hapo, wewe si mwokota mawe tena.