Sheikh Abdulaziz Al-Amawi: Kadhi wa Unguja na Lugha ya Sheria

Miongoni mwa makadhi waliowatumikia Masultani wa Unguja katika karne ya 19, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi yafaa akumbukwe na wanafunzi wa lugha kama anavyokumbukwa na wanafunzi wa sheria. Alizaliwa Barawa katika miaka ya 1830, akaja Unguja kusoma kwa Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, naye pia kadhi mwenye asili ya Barawa. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alimpa ukadhi wa Kilwa angali kijana sana. Baadaye akahukumu Unguja, na kufariki mwaka 1896.

Ukadhi wa zama hizo haukuwa kazi ya barazani tu. Watawala walikuwa Waibadhi, na raia wao wengi wa pwani Washafii. Kwa hiyo palikuwa na makadhi wa madhehebu zote mbili. Al-Amawi alikuwa Mshafii, na juu ya hukumu zake Seyyid Barghash alimtuma safari za kiserikali, hata upande wa mto Ruvuma.

Aliandika kwa Kiarabu juu ya sheria, nahau na tasawufi, lakini Kiswahili hakukiacha: alitunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo haikupigwa chapa. Padre Edward Steere, alipokuwa Unguja katika miaka ya 1860, alipata msaada wake. Kadhi alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kazi haikufika mbali. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na Steere akaona ya kuwa lugha yake ni ya kitaalamu mno kwa makusudi ya misioni. Habari hiyo ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870.

Basi Kiswahili cha wanavyuoni kikawekwa kando. Kiunguja, ambacho Steere alikiandikia sarufi, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu chini ya Kamati iliyoundwa mwaka 1930.

Hata hivyo, katika sheria lugha ya makadhi haikushindwa. Huko Ikungi, katika nchi ya Wanyaturu iliyo mbali na pwani, asimamaye mbele ya Mahakama ya Mwanzo hutaja hakimu, shahidi, hukumu na rufaa: maneno yote yenye asili ya Kiarabu, lugha ya vitabu vya makadhi. Uingereza nayo iliona jambo kama hilo. Sheria ya mwaka 1362 iliamuru mashauri yatetewe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Lakini istilahi nyingi za mahakimu wa mfalme zilibaki za Kifaransa.

Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama zote. Tangu hapo haja ya istilahi imezidi, na hukumu za mahakama za juu zataka maneno yasiyohitajika katika mahakama ya kijijini. Wenye kuyatafuta wasianze kwa kufasiri Kiingereza peke yake. Kwanza waulize Al-Amawi na makadhi wenziwe waliyaitaje mambo hayo.