Senna na Brundle, 1983: pointi moja kabla ya mbio za mwisho

Mwaka wa 1983, ubingwa wa Formula 3 wa Uingereza ulikuwa mlango wa vijana waliotaka kufika Formula 1. Magari yake yalikuwa madogo, ya kiti kimoja, magurudumu yakiwa nje ya bodi. Mbio zilikuwa 20, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi. Mshindi alipata pointi 9, wa pili 6, wa tatu 4, na aliyepiga mzunguko wa kasi zaidi aliongezewa 1.

Ayrton Senna, Mbrazili aliyeanza msimu akiwa na miaka 22, alishinda mbio 9 za kwanza mfululizo. Nyuma yake alikuwa Martin Brundle, Mwingereza wa timu ya Eddie Jordan. Wote wawili waliendesha gari la aina moja, Ralt yenye moteri ya Toyota. Watu wengi waliona kwamba mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Mwezi wa sita, huko Silverstone, Brundle alishinda kwa mara ya kwanza msimu huo. Tangu siku hiyo Senna akaanza kupoteza. Hakukubali nafasi ya pili, hata pale ambapo pointi 6 zingemtosha. Huko Cadwell Park aliharibu gari katika majaribio, akakosa mbio. Mwezi wa nane, huko Oulton Park, alilazimisha kupita pasipo nafasi, na gari lake likaishia juu ya gari la Brundle. Mwingereza naye alikusanya pointi polepole. Walipofika kwenye mbio za mwisho, Brundle ndiye aliyekuwa mbele: 123 kwa 122.

Tarehe 23 mwezi wa kumi, huko Thruxton, Senna hakutegemea kasi peke yake. Alifunika kwa skochi tundu la radiatori ya mafuta, ili moteri ipate joto upesi na mizunguko ya kwanza iwe ya kasi. Kisha ilimbidi alegeze mikanda, anyooshe mkono na kuibandua gari likiwa mbioni, la sivyo moteri ingeungua. Alifaulu, akashinda. Brundle alimaliza wa tatu. Hesabu ya mwisho ikawa 132 kwa 123.

Mwaka wa 1984 wote wawili waliingia Formula 1: Senna na Toleman, Brundle na Tyrrell. Senna alipata kuwa bingwa wa dunia mara 3, kabla ya kufa katika ajali huko Imola tarehe 1 mwezi wa tano 1994. Brundle alishinda saa 24 za Le Mans mwaka wa 1990, kisha akawa mtangazaji wa mbio.

Ushindi 9 wa kwanza haukumpa Senna kombe, na kushindwa mara 9 hakukumfukuza Brundle. Anayetangulia bado hajafika, na anayefuata asihesabiwe kuwa amekwisha.