Springi, Kamani na Shokomzoba: Historia Fupi ya Istilahi za Gari la Porini

Miongoni mwa istilahi za ufundi ambazo watafsiri wetu huzikwepa ni zile za sehemu za motokaa zilizo chini ya bodi. Injini ina majina yake, na breki vilevile. Lakini tukifika mahali ambapo magurudumu hukutana na fremu, kalamu husitasita, na mara nyingi mtafsiri huandika “springi” akapita. Hata hivyo hati zinazozihitaji istilahi hizi si chache: maombi ya zabuni ya magari ya hospitali za wilaya, maagizo ya vipuri vya magari ya mbugani, na vitabu vya vyuo vya ufundi. Neno lisilotenga mambo mawili yaliyo tofauti humfanya mnunuzi alipie kile ambacho hakuhitaji.

Hapana budi kwanza tuzitenge kazi zenyewe. Springi hubeba uzito wa gari na kupokea pigo la shimo au jiwe. Ikishabonyea, hurudi juu, ikapita kiasi, ikashuka tena, na kama hakuna cha kuizuia gari litaendelea kurukaruka mfano wa mpira uliodundishwa. Kifaa cha pili, ambacho mafundi wetu hukiita shokomzoba, wengine shokapu, hakibebi uzito wa gari. Aghalabu ni bomba lenye mafuta na pistoni yenye vitundu; mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu hivyo, na nguvu ya mruko hugeuka joto.

Jina la Kiingereza la kifaa hiki, ambalo ndilo tulilolikopa, lina kasoro. Linadai kwamba kifaa hufyonza mshtuko, hali anayeupokea mshtuko ni springi. Wahandisi wa Uingereza wenyewe hupendelea neno jingine, lenye maana ya kitulizaji. Wafaransa walifanya vyema zaidi: neno lao limetoka katika shina lenye maana ya kifo, yaani ni kifaa kinachoufisha mwendo. Kwa hiyo anayetunga neno kama “kifyonza-mshtuko” haongezi elimu yoyote katika Kiswahili. Anahamisha kosa la wengine na kulivika kanzu.

Jina la jumla la mfumo huu lina historia ya namna hiyo hiyo. Katika Kiingereza na Kifaransa maana yake ya asili ni kuning'iniza, na sababu yake ni kwamba magari ya farasi ya Ulaya wakati mmoja yalikuwa na bodi zilizoning'inizwa kwa mikanda ya ngozi. Baadaye yakaja mabapa ya chuma yaliyopindwa. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi zilizofungwa mbili mbili kwa umbo la yai. Mikanda ilitoweka, jina likabaki. Sasa, mtu wa Tabora au Lamu ambaye hakupata kuliona gari la kuning'inia atafaidika nini na neno “mning'inio”? Gari analolijua limekalia springi zake.

Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Kabla motokaa hazijafika tulikuwa na neno kamani, lililotumiwa kwa chuma kinachojikunjua ndani ya saa. Asili yake ni Kiajemi, ambako maana yake ni upinde, nalo lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Tazama springi ya bapa ya lori kwa upande: ni upinde mtupu. Neno lilikuwapo, na lilifaa kuliko lile lililokuja na gereji. Lakini fundi hakuwa na kamusi mkononi, alikuwa na boksi la vipuri lenye maandishi ya Kiingereza. Kwa maoni yangu muda wa kulirudisha umekwisha kupita, ingawa mwalimu anaweza kulieleza darasani.

Historia ya gari lenyewe ndiyo inayotuonyesha kwa nini utenganisho huu una uzito. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma. Mabapa hayo yakibonyea husuguana, na msuguano huo hutuliza sehemu ya mruko. Tena huishikilia ekseli mahali pake. Ni kifaa kimoja chenye kazi tatu. Range Rover ya mwaka 1970 ilileta springi za koili katika magurudumu yote manne, na Land Rover ya One Ten ikafuata mwaka 1983. Koili ni laini na huliruhusu gurudumu kushuka mbali zaidi shimoni, lakini haina msuguano wa maana, wala haiwezi peke yake kuishika ekseli. Ndipo vyuma vya kuishikilia vilipohitajika, na shokomzoba ikabeba mzigo wote wa kutuliza. Toyota walifuata njia ya katikati: Land Cruiser zao za mizigo za jamii ya 70, zilizoanza mwaka 1984, zilipata koili mbele mwaka 1999, na nyuma zikabakia na mabapa.

Basi tuchukue mfano wa afisa anayetaka kuliboresha gari la namna hii. Dereva analalamika kwamba gari linarukaruka katika barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati la migongo. Afisa anaandika: “Tunaomba springi ngumu zaidi.” Fundi anaongeza bapa moja kila upande, kama alivyoagizwa. Gari likiwa tupu sasa linaruka kuliko mwanzo, maana springi ngumu isiyo na mzigo haibonyei, na shokomzoba za zamani haziwezi kuizuia inaporudi. Mgonjwa aliyelazwa nyuma ndiye anayeumia. Lililohitajika lilikuwa shokomzoba mpya. Katika mikunjo mirefu, mafuta ya shokomzoba hupata moto, yakachanganyika na hewa na kutoka povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo sababu zimebuniwa zile zenye gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo, iliyotengwa na mafuta kwa pistoni ya pili.

Springi ngumu ina mahali pake: gari linalobeba matangi ya maji na mafuta daima. Linalobeba leo na kesho likawa tupu, lisipewe. Nalo ombi la “kuinua gari” lataka tahadhari, kwani springi ndefu hubadili pembe ya propela, huvuta mipira ya breki, na kuufanya uzito uwe juu, hata gari liwe jepesi kupinduka.

Wanaoamini kwamba ugumu ndio uimara wangekumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 iliyashinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Halikuwa gari la porini hata kidogo, bali gari la familia lenye springi za koili zilizo laini na vitulizaji vizuri.

Kuhusu istilahi, ningeshauri kwamba “springi” na “shokomzoba” zibaki katika orodha za vipuri, maana muuzaji na fundi wanaelewana kwazo. Kwamba aina za springi zitajwe daima, “springi ya bapa” na “springi ya koili”. Na kwamba vitabu vya mafunzo vikieleza kazi ya shokomzoba vitumie “kituliza-mruko”. Kwa mfumo mzima ningeandika “mfumo wa springi na shokomzoba”. Najua ni jina refu, na wapenda neno moja watanung'unika. Lakini karani akilipiga chapa katika fomu ya zabuni, atalazimika kuuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kilichochakaa, na safu ya pili ya fomu iwe na uzito wa mzigo kwa kilo, gari likiwa tupu na likiwa limejaa.