Kuku Aliyepasuliwa Akaishi

Ukitaka kujua Wasukuma walivyompasua kuku ili wamsome, maandishi yapo. Mfumu huletewa kuku na mwenye shida, humpasua, huangalia mifupa, mabawa na viungo vya ndani, kisha hueleza ugonjwa umetoka kwa nani na dawa yake ni ipi. Wamisionari waliliandika jambo hili, na wanaanthropolojia wakaliandika zaidi. Koen Stroeken wa Ubelgiji amelijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2010, Moral Power. Na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo mzima wa karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliyezunguka Usukumani akiandika sheria, utemi, waganga na vyama vya ngoma.

Lakini kuna kuku wengine waliopasuliwa Usukumani, na hao hawakupasuliwa wasomwe. Walipasuliwa, wakashonwa, wakarudi kuparua uani. Katika yote niliyoyasoma kwa ajili ya tasnifu yangu sijamkuta hata mmoja wao. Niliwajua kwa sababu nimekulia Ngulyati, wilayani Bariadi, na bibi yangu alikuwa na kuku aliyeitwa Shangazi.

Shangazi hakuwa wa kuuzwa wala wa kuchinjiwa mgeni. Kila nyumba ina kuku wa namna hiyo: mzee, mwenye haki ya kuingia jikoni, na watoto ndio wamempa jina. Asubuhi moja bibi alimshika kabla ya kumfungulia, akampapasa chini ya shingo, akasema, “Huyu hajasaga.” Gole lake, kile kifuko cha shingoni ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka kwenye firigisi, lilikuwa gumu kama embe bichi. Kuku mzima hulala gole limejaa na kuamka gole tupu. Likiamka limejaa, kuna jambo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za mafuta na vidole. Shangazi alinyimwa chakula, akapewa maji na samli kidogo iliyoyeyushwa, na bibi akawa anamkanda taratibu, akiubonyeza ule uvimbe ili uvunjike vipande. Alitukataza kabisa kumgeuza kichwa chini ili atapike. Kuku akitapika hivyo, alisema, huvuta uchafu pumuzini na kufa mikononi mwako, na daktari yeyote wa mifugo atakuambia hivyo hivyo. Siku ya tatu aliitwa mama mmoja jirani. Alikuja na wembe mpya, sindano, uzi mweusi na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Alinyonyoa manyoya ya mahali padogo, akakata ngozi, halafu akakata gole lenyewe, mkato usiozidi urefu wa kidole gumba. Akatoa kilichokuwamo kwa kidole, akasuuza, akashona gole kwanza, na ngozi baadaye, kila kimoja peke yake. Hakuvishona pamoja. Miaka mingi baadaye nilimweleza rafiki yangu anayesoma udaktari wa mifugo Sokoine, Morogoro, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Alifundishwa na nani?” Alifundishwa na mama yake mkwe.

Shangazi alikaa chini ya tenga siku tano akinywa uji mwepesi. Aliishi miaka miwili zaidi.

Nataka kukaa kidogo na kile kilichotoka, maana mtu wa historia hawezi kukipita. Yalikuwa majani makavu marefu, punje za mahindi zilizovimba na kuanza kunuka uchachu, na fundo la nyuzi nyeupe za salfeti, yale magunia ya plastiki ya mbolea na nafaka. Yule mama alizinyanyua nyuzi zile kwa ncha ya wembe akasema kwamba zamani, alipokuwa anajifunza, haya hayakuwemo. Yalikuwa mtama, uwele, na pamba.

Kuku wa kuparua hula kile wilaya inacholima na kile inachotupa. Mtama na uwele ndivyo vilivyokuwa vyakula vya Usukumani kabla mahindi hayajatawala. Pamba iliingia ikakua hadi kuwa uti wa mgongo wa kanda yote ya ziwa, na mwaka 1955 wakulima walikuwa na nguvu ya kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani. Mbegu ya pamba ina manyoya, na manyoya hayo hayasagiki. Yakijikusanya kwenye gole huwa kama kizibo. (Mbegu hizo pia zina sumu iitwayo gosipoli, ambayo hugeuza kiini cha yai kuwa na rangi ya kijani iliyofifia.) Kisha zikaja plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini salfeti zimebaki. Kwa hiyo wembe ule ulikuwa umepita katika uchumi wa vizazi vitatu, na hakuna afisa takwimu aliyekuwa pale.

Na kwa nini awepo? Serikali, ya Wajerumani, ya Waingereza na yetu wenyewe, ilipotamka neno mifugo ilikuwa na maana ya ng'ombe. Kituo cha Mpwapwa, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, kilikuja kujulikana kwa ng'ombe wake wa Mpwapwa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka mifugo Afrika Mashariki nzima, na hofu ile haikuondoka. Baadaye zikaja kupe na ndigana, na fedha nyingi zikaenda kwenye majosho. Usukumani ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni jina la mtu. Kuku alikuwa wa mama na watoto. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanamke hakuruhusiwa hata kumla kuku huyo, wala mayai yake, ingawa yeye ndiye aliyemfuga.

Hapa kuna utafiti mmoja ninaoupenda kupita kiasi. Mwaka 1991 watafiti wa ICIPE, kituo cha wadudu kilichoko Kenya, walichapisha matokeo ya kazi rahisi sana. Waliwaachia kuku wa kienyeji waparue katikati ya ng'ombe wenye kupe, kisha wakawachinja na kuhesabu kilichomo kwenye magole na firigisi zao. Walikuta kupe kuanzia 3 hadi 331 kwa kuku mmoja, wastani 81. Yule ndege asiyehesabiwa na idara alikuwa akifanya kazi ya josho, bila dawa na bila mshahara, na ushahidi wote ulikuwa pale pale shingoni.

Wapo watakaosema ninamtukuza mama wa wembe. Basi niseme na mahali alipokuwa hana la kufanya. Gole lililojaa mara nyingine si ugonjwa bali ni dalili. Uchachu wake unaweza kuwa wa kuvu. Ugonjwa wa Marek, ulioelezwa na József Marek wa Hungaria mwaka 1907, hupoozesha neva, na gole likaacha kusukuma. Na kuna kideri, ambacho wengine huita mdondo. Wazungu walikiita Newcastle, kwa mji wa Uingereza ambako kuku walikufa mwaka 1926, mwaka ule ule walipokufa wa Java. Kuku wa kideri huzubaa, huharisha kijani, hupinda shingo, na gole lake hujaa maji kwa sababu tumbo limesimama. Kumpasua huyo ni kumwongezea maumivu tu. Yule mama alijua kutofautisha: kwanza alikuwa akiuliza ni wangapi wanaumwa. Akisikia ni mmoja, alichukua sindano. Akisikia ni watatu, alirudi ndani.

Naamini Operesheni Vijiji, ambayo mwaka 1974 iliwahamisha watu wa mkoa wa Shinyanga, Bariadi ikiwemo wakati huo, ilizidisha shida hii. Miji ya Wasukuma ilikuwa imetawanyika, kila kaya na uwanja wake. Nyumba zilipopangwa kwa mistari, kuku wa nyumba kumi wakawa wanakunywa kwenye dimbwi moja.

Dawa iliyokuja ilitoka mbali. Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake walitengeneza chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za kawaida, kwa makusudi ya kuwafaa kuku wa vijijini kusiko na friji. Maabara ya Temeke, Dar es Salaam, ikaanza kuizalisha. Ni tone moja jichoni, mara tatu kwa mwaka. Ila kichupa kimoja kinatosha kuku mamia, na kikishafunguliwa hakihifadhiki kwa muda mrefu, wakati mwanamke mmoja ana kuku sita. Kwa hiyo mtu hana budi kwenda mlango kwa mlango siku moja kabla, aandike nani ana kuku wangapi na atachangia shilingi ngapi.

Mwaka juzi nilikuwa nyumbani wakati wa kazi hiyo, nikaombwa daftari lisomwe kwa sauti na mimi mwenye macho mazuri. Safu ya kwanza ni majina ya wenye kuku, karibu wote wanawake. Ya pili ni idadi. Ya tatu ni fedha. Mchanjaji alikuwa ameongeza safu ya nne, finyu, ya mambo ya kuangalia wakati wa kumshika kuku. Mbele ya jina la mjane mmoja mwenye kuku wanne alikuwa ameandika: mmoja ana mshono shingoni, ashikwe taratibu.