Sehemu ya 5: Bibi kwenye benchi

Haya mama, tuendelee na tiba ya mazungumzo. Mwaka 2005 Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Binti alikosa tu nauli ya kufika hospitali. 2006, pale Mbare, Harare, bibi 14 wakaanza kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati.

Unajua bibi alifanya nini? Hakuhubiri, wala hakusema "jikaze" (neno letu hilo manesi, jamani!). Alikuacha umwage yote, mkachagua shida moja, ukasema mwenyewe utaanzia wapi. Ukirudi, mnaangalia imeendaje. Utafiti wa 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wiki hii kliniki, ukiulizwa hali, usijibu "nzuri" kama hulali.